Mahali Nilipomtuma Papa Furaha

Nyungunyungu wana harufu yao, na asiyewahi kuwachimba atabisha. Ni harufu ya udongo uliokunywa maji ya sabuni siku nyingi. Kwetu Cibitoke, mtaa wa Bujumbura, niliwachimba nyuma ya ukuta wa bafu, penye mgomba uliolishwa na maji yetu ya kuoga, kila Jumapili asubuhi, kwa kijiko kilichovunjika mpini, nikiwatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Baba alikuwa fundi wa pikipiki. Mikono yake haikuachana na oili hata aisugue vipi, na samaki, alisema, akinusa oili tu anageuza mkia. Kwa hiyo chambo kilikuwa kazi yangu, mimi binti yake wa miaka tisa, na wallahi nilijiona mtu mkubwa sana.

Tulivulia kwenye mawe karibu na pale mto Ntahangwa unapoingia ziwani. Mvua ikinyesha milimani, kesho yake maji yalikuwa kahawia upande mmoja na safi upande wa pili, na samaki wetu, ngege, walijipanga pale katikati wakingoja vinavyoletwa na mto. Mahali hapo hakuambiwa mtu. Aliyemuuliza Baba alitajiwa kwingine kabisa, naye muulizaji, akijua vizuri kwamba anadanganywa, alicheka na kutaja pake pa uongo pia, wakaagana kwa heri. Baba hakuuita uongo, aliuita adabu ya wavuvi. Akanifundisha nami: ukiulizwa, sema tunavulia Rusizi, kule mto unapomalizikia. Sasa mimi madrasa nilikuwa nikifundishwa kwamba mwongo ana adhabu yake mbele ya Mungu. Nilimuuliza mama, akacheka akaniambia nimuulize baba yangu. Nikabaki na uzito huo kichwani.

Mwaka huo Papa Furaha alihamia vyumba viwili vilivyotazamana na vyetu. Alikuwa amekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mkewe na watoto wanne. Huko alikuwa mwalimu, hapa hakuwa na kazi, lakini suruali yake ilipigwa pasi kila siku. Jumapili moja alinikuta nachimba, mkononi ana mshipi mpya na ndoana mbili.

"Mutoto muzuri, papa yako anavuaka wapi? Mi niko mugeni, sijue hapa."

"Kule Rusizi inapoingia ziwani, Papa Furaha. Samaki tele!"

Nikangoja acheke, anitajie na yeye pa kwake. Hakucheka. Aliushika mkono wangu wenye matope kwa mikono yake yote miwili, akasema Mungu anibariki, akaenda zake. Mtoto yeyote wa Bujumbura alijua kwamba kule kuna viboko na mamba.

Kesho yake Papa Furaha alitoka alfajiri. Adhuhuri ikapita. Alasiri nikamwona mkewe amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatazama barabara, anaingia, anatoka tena. Nilikimbia hadi gereji nikamwambia Baba kila kitu, na spana ikamtoka mkononi.

"Umemwambia Rusizi? Yule mgeni?"

"Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

Aliipiga teke pikipiki ya mteja, ikawaka, akaondoka bila hata kufunga gereji. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, tena nilitaka nipigwe ili nijue kosa ni langu au lake. Mbona hakunipiga? Nilikaa juu ya tairi nikilia, nikimwomba Mungu asimtwae Papa Furaha kwa sababu yangu.

Kabla ya magharibi, nikiwa nimesharudi nyumbani, walitokea, wote wawili juu ya pikipiki moja. Papa Furaha alikuwa nyuma, matope mpaka magotini, amekumbatia beseni la ngege, anacheka! Viboko walikuwa ng'ambo, alisema, na mtu mmoja wa kule alimwonyesha pa kusimama. Mbele ya majirani wote uani alichagua samaki mkubwa kuliko wote akanipa. "Huyu mutoto ana roho safi. Mu Bujumbura yote, ni yeye tu aliniambia kweli." Baba akatazama chini. Mimi nikaangua kilio, watu wakasema ni furaha. Jumapili iliyofuata Baba alimchukua hadi kwenye mawe yetu, bila maelezo yoyote. Tukapata vingege viwili tu, na njiani Papa Furaha akamfariji: "Usihuzunike, jirani. Siku ingine nitakupeleka kwangu, Rusizi." Baba alicheka hadi akakaa chini kando ya barabara.

Siku hizi ziwa limepanda, mawe yetu yamo ndani ya maji. Vijana huulizana kwenye simu pa kuvulia, wakajibiwa papo hapo na ramani juu, na mimi sijui kama nao wana adabu ile au wanasema kweli. Baba ameshatangulia. Papa Furaha yuko mtaa wa Kamenge, mzee, kisukari kimemchosha. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, naye akaanza kuwasimulia wajukuu habari za yule mtoto aliyemwambia kweli. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, Papa, siku ile nilikudanganya, na ungeweza kufa.

Akavuta shuka. "Apana, mama. Siku ile batoto bangu balikula, na mi nikasema, kumbe hapa kuko bantu, naweza kukaa. Usininyang'anye ile siku."

Nikamwambia nimechanganya mambo, ni utoto, kweli nilijua kwamba samaki wako kule. Akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ni mara yangu ya pili kumdanganya, na mara zote mbili amenishukuru.