Nilimfundisha Mwitaliano Kiitaliano

Mnaweza kucheka, lakini mimi Dinah, mjane niliyeishia darasa la saba, nimemfundisha Mwitaliano Kiitaliano.

Si mzaha.

Mimi ni mpishi kwa nyumba ya masista hapa Kitale, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sista Ersilia, huyo Mwitaliano, ndiye alinichukua kazi nilipozika mzee wangu.

Mwaka jana kiharusi kikampata. Mdomo ukaenda upande, maneno yakaisha.

Tukampeleka hospitali Bungoma. Daktari akasema, "Mrudishieni lugha ya mama yake. Pole pole, silabi kwa silabi."

Kisha barua ikatoka Italia, kwa wakubwa wa shirika lao. Asipoongea kufikia Pasaka, anapelekwa huko, kwa nyumba ya wazee.

Nikasema haendi. Amezika wenzake wote hapa, aende kufia kwa wageni?

Sista Rosaline, mkubwa wa nyumba, anajua Kiitaliano lakini hana nafasi. Akanipa kijitabu cha vitenzi, akanionyesha vile husomwa.

Basi kila siku baada ya misa, mgongo ukiniuma, tunaanza. Napiga makofi kama mwalimu wa ba-be-bi-bo-bu.

"Par-lo. Par-la. Par-la-no." Naongea, anaongea, wanaongea.

Hiyo ya mwisho nilikuwa naweka uzito kwa "la", vile sisi huongea. Sista anakunja uso, anagonga meza na kijiko. Tena. Tena. Mpaka nibonyeze "par", ndio anatulia.

Mwanafunzi bubu anasahihisha mwalimu!

Mukhwana wa shamba akipita dirishani: "Mama Joan, ati siku hizi wewe ni Mwitariano? Na ugari tutapikiwa na nani, bana?"

"Palilia sukuma, uniache."

Miezi mitano. Kuna siku nilichoka mpaka nikalilia jikoni. Usiku nasali, "Bwana, asiende."

Kwaresima ikiwa katikati, neno likatoka. Kesho yake mawili. Halafu akaanza kuyapanga mwenyewe.

Mgeni aliyetumwa kutoka Italia kumwangalia akafika, akamuuliza kitu. Sista Ersilia akajibu pole pole, kila silabi mahali pake. Hakukwama hata mara moja.

Nikashika rozari. Asante Yesu, anabaki.

Lakini Sista Rosaline alikuwa analia.

"Amesema nini, Sista?"

"Dinah... anaomba arudi kwao. Si kwa nyumba ya wazee. Kwa dada yake, bado yuko hai. Anasema tangu augue alitaka kuomba hilo tu, na hakuwa na mdomo."

Nikakaa chini.

Kumbe tulikuwa tunasali kanisa moja, mimi nikivuta huku, yeye akivuta kule.

Ameenda wiki iliyopita. Nguo zake nimepakia mimi. Alinishika mkono akasema kitu kirefu, nikasikia kila silabi vizuri kabisa. Maana yake sikuuliza. Nilikuwa nimechoka.

Wewe unayeuguza mtu, usimwombee mambo yako. Muulize kwanza. Miezi mitano nilikaa na yule mama meza moja, na sikumuuliza hata mara moja kama anataka kubaki.

Na kichwa cha kutikisa alikuwa nacho.