Mama Daftari na Mashine ya Sifuri

Saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha mikutano, ghorofa ya pili. Mwanamke wa miaka hamsini na sita ameegemea mashine ya kung'arisha sakafu, kitambaa begani, macho ubaoni. Hafuti. Anatafuta neno la leo.

Wenzake humwita Mama Daftari. Kwa miaka kumi na tisa hajafuta ubao bila kunakili kwanza neno moja la Kiingereza. Madaftari tisa yamejaa. Na sakafu yake, wenzake wanaapa, inzi akitua huteleza mpaka mlangoni, akifika huko anaomba radhi.

Leo amenakili "depreciation".

Si mchezo. Ijumaa ana usaili wa usimamizi wa usafi. Ameshaanguka mara mbili, kisa Kiingereza. Akianguka tena, mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi, naye ndiye anayemlea mjukuu wake.

Mhasibu wa ofisi, kijana anayewahi kazini kuliko wote, anapita na chai yake.

"Mwanangu, hili neno lina maana gani?"

"Shikamoo, mama. Ni kitu kupungua thamani kadiri miaka inavyokwenda. Kama hiyo mashine yako."

"Marahaba. Imefanya nini mashine yangu?"

Kijana anafungua kompyuta na kumwonyesha orodha ya mali za ofisi. Mashine ilinunuliwa mwaka ule ule alioajiriwa mama. Thamani yake leo: sifuri. Itatupwa.

"Sifuri? Na jana imemaliza ghorofa mbili!"

"Ni kwenye vitabu tu, mama."

"Basi hicho kitabu hakijawahi kushika mpini."

Wanacheka. Kisha mama anakunja kitambaa mara mbili.

"Na mimi humo nimeandikwa ngapi?"

"Watu hawaandikwi humo, mama."

"Afadhali," anasema polepole, macho bado kwenye ile sifuri.

Anarudi ubaoni, anafuta. Katika daftari, kando ya neno, amechora mashine, waya wake umezungushiwa utepe mweusi pale alipoutengeneza mwenyewe.

Akipata usimamizi, anasema, ombi lake la kwanza ni mashine isitupwe. Ataitumia kuwafundishia kazi wafanyakazi wapya.

"Ijumaa wakiniuliza neno hili, nitalieleza kwa Kiingereza chao. Wakisema halijatosha, nitaiwasha mashine. Waangalie chini."