Shanga ya Mwisho Kwenye Waya

Mdogo wangu ni mwoga tangu kuzaliwa. Sisemi kwa ubaya, ndivyo alivyo. Utotoni akiona mjusi ukutani, nyumba nzima haikai. Mpaka leo akitoka kwake lazima arudi kuhakikisha jiko amelizima, na ukimcheka ananuna. Nyumbani tunamwita Nukta kwa sababu ya kazi yake. Yuko hospitali kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha, anaweka nukta kwenye picha za ubongo wa watu.

Nitaieleza kazi hiyo kama alivyonieleza mimi, fundi cherehani. Kuna wagonjwa wa kifafa ambao dawa zimegonga mwamba. Hao huingizwa nyaya nyembamba ndani ya ubongo. Kila waya una vipande vya chuma vilivyopangwa kama shanga, na kila shanga inanasa umeme wa pale ilipo. Mgonjwa akishikwa, shanga ndiyo inayosema kifafa kimeanzia kwake. Ila shanga haijui iko wapi. Hapo ndipo anapoingia Nukta na programu yake ya kompyuta. Anachukua picha ya kabla ya nyaya na picha ya baada, anazilaza moja juu ya nyingine, kisha anaionyesha programu waya unaanzia wapi. Yenyewe inazihesabu shanga mpaka mwisho na kuandika kila moja iko sehemu gani ya ubongo. Daktari wa upasuaji anakata kwa kuifuata picha hiyo. Ndiyo maana mdogo wangu chakula hakimshuki.

Sasa, tuna kitinda mimba wetu, Kipaza. Ni mnadi wa nguo sokoni, mdomo haufungi. Akipanda juu ya meza na kuanza kuita bei, hata aliyefuata vitunguu anaondoka na koti. Kifafa kilimwanza ukubwani. Siku alipoanguka kutoka juu ya meza ile nilikuwa palepale nakata kitambaa, nikasikia kichwa kinavyogonga sakafu. Tangu hapo sijalala usingizi wa maana.

Dawa zilibadilishwa weee, wapi. Mwishowe akalazwa hospitali kwa kina Nukta, akawekewa nyaya. Kichwa kizima bendeji, anawaambia manesi eti sasa anashika stesheni zote za redio. Watu wakacheka. Mimi nilikwenda chooni kulia.

Nukta hakuigusa picha ya mdogo wake. Alisema ataogopa kukosea, na hospitali nayo haitaki ndugu amshughulikie ndugu. Kazi ikapewa mwenzake, mtaalamu aliyehamia karibuni kutoka hospitali nyingine, mtu makini, mpole. Kipaza akaanguka tena na tena wodini, na kila mara kifafa kilianzia kwenye shanga ileile, ya mwisho kwenye waya wa kushoto. Picha ikaonyesha shanga hiyo imezama ndani kabisa, mbali na sehemu ya kusema. Daktari akatuambia hapo panakatika bila kumdhuru. Tulifurahi sote, isipokuwa Nukta.

Nilimjia juu. Nilimwambia aache uchuro. Akanijibu kwamba hana sababu yoyote, anaogopa tu. Na hivyohivyo akaenda kumwambia daktari. Pale wana kipimo: wanapitisha umeme kidogo kwenye shanga huku mgonjwa anaongea, na maneno yakikatika wanajua mahali hapo hapaguswi. Shanga ile haikupangiwa kipimo, maana picha ilishaonyesha iko mbali. Nukta akamsihi waipime. Daktari hakubisha.

Mimi niliruhusiwa kukaa karibu na mlango. Walimtaka Kipaza ahesabu namba, akasema hayo ni ya watoto wa chekechea, yeye atanadi. Akaunyanyua mto wa hospitali na kuanza kuusifia kwa sauti yake yote. Wakapitisha umeme kwenye shanga za mwanzo, hata hakujua. Mto ukapanda bei, manesi wakawa wanatania kuununua. Wakafika kwenye shanga ya mwisho.

Sauti ilikatika katikati ya neno. Mdomo ulibaki wazi. Macho yake yalinitafuta mimi, na yalikuwa yanaelewa kila kitu. Umeme ulipotolewa, alichelewa kidogo, kisha akasema polepole, "Dada, maneno nilikuwa nayo. Yalikataa kutoka."

Nukta alikwenda kwenye kompyuta bila kuaga mtu. Aliifungua ile kazi na kuiangalia pale mwenzake alipoionyesha programu mwanzo wa waya. Mwenzake aliuweka nje, kwenye fuvu. Hapa kwao shanga ya kwanza ni ile iliyozama ndani kabisa, na hakuna aliyemwambia mgeni huyo, kwa kuwa kila mtu alidhani anajua. Picha nzima ya waya ule ilikuwa imegeuzwa. Shanga ya mwisho ilikuwa juu, katikati ya sehemu ya kusema.

"Kule kwetu tunaanzia nje," mwenzake alisema, akakaa chini sakafuni. Hakuna aliyemfokea, hata mimi na mdomo wangu huu.

Nilidhani tumeokoka. Nikamuuliza daktari kama sasa atakata mahali penyewe hasa. Alivua miwani.

"Mama, penyewe ni hapo," alisema. "Kifafa kinaanzia hapohapo maneno yanapotokea. Nikikiondoa, na maneno yanaondoka."

Kipaza aliulizwa yeye mwenyewe. Aliuchukua ule mto aliokuwa akiunadi, akauweka mapajani.

"Toeni nyaya zenu," alisema. "Nirudi mezani."

Amerudi. Tumeikata miguu ile meza na kuizungushia marobota ya nguo. Siku zake za mapumziko Nukta anakuja kukaa pembeni ya cherehani yangu, anajifanya anachambua vifungo. Kipaza akiita bei, tunapumua. Akinyamaza, hata kama anameza mate tu, mguu wangu unaganda kwenye cherehani, na nikigeuka Nukta ameshasimama.