Barua Saba Zilizokwama

Mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ya mradi mmoja wa mifugo mjini Garissa. Mimi ni mtu wa Pwani, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu pale. Nilichoka na joto, nilichoka na feni iliyozunguka umeme ulipopenda, na zaidi ya yote nilichoka na mtandao. Tuliupata kwa njia ya simu: modemu ilipiga Nairobi, ikalialia, na mara nyingi ikakatika kabla ukurasa wa kwanza haujajitokeza wote. Mkubwa wetu aliruhusu saa moja tu kwa siku, baada ya swala ya adhuhuri.

Saa hiyo ndiyo aliyoisubiri daktari wetu wa mifugo. Alikuwa Msomali wa Ijara, mrefu, wa maneno machache, aliyezoea kukaa wiki nzima Kotile au Sangailu akichanja ng'ombe. Mwezi ule hakwenda popote. Mkewe alikuwa Kanada kwa kaka yake, pamoja na binti yao wa miaka sita aliyekwenda kupasuliwa moyo. Namba ya simu aliyoachiwa daktari ilikuwa ya nyumba ambayo walishaihama. Lakini binamu yake wa Nairobi alikuwa amemfungulia sanduku la barua pepe, na mkewe alikuwa na anwani. Kazi yangu ilikuwa kulifungua tu.

Siku ya kwanza nilidhani tatizo ni neno la siri. Binamu alilitaja kwa simu, daktari akaliandika kwa kalamu kwenye kiganja.

"Hii ni b ya baba, au p ya papa?" nilimuuliza.

"Ya baba."

"Na ya papa unaitamkaje?"

Akafikiri kidogo. "Baba," akasema, maana Kisomali hakina p, na sote wawili tukacheka. Sikumbuki kama tulicheka tena mwezi ule.

Nilipoandika kwa p, ukurasa haukulalamika tena kwamba neno si sahihi. Ulinirudisha tu mwanzo, kwenye jina na neno la siri, kana kwamba sijaandika kitu. Chini yake palikuwa na mstari mdogo uliosema kwamba mashine yetu haipokei kuki.

Sikujua kuki ni nini. Nilimpigia fundi wa Nairobi aliyekuja kukagua kompyuta zetu mwezi uliotangulia. Akanieleza kwamba ni kijialama ambacho tovuti inakiacha kwenye mashine yako ili ukihamia ukurasa mwingine ikutambue. Isipokiona, kwake wewe ni mgeni kila mara.

"Ziruhusu, futa za zamani, zima, washa," alisema, akakata simu.

Niliangalia, zilikuwa zimeruhusiwa. Nikafuta za zamani. Nikazima, nikawasha, nikangoja modemu, nikaandika jina na neno la siri, nikarudishwa mwanzo. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa laini ilikatika mara nne, na saa yetu ikaisha.

Daktari alikuja kila siku kutoka msikitini, mikono ya shati ingali na maji ya udhu, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Abaayo, leo?" Abaayo ni dada kwa lugha yao.

"Bado."

"Haye," alisema, akaondoka.

Nilifika mahali nikachukia kusikia hatua zake. Siku moja nilimwambia, bila kugeuka, kwamba kuna watu wengine pia wanaoisubiri mashine hii. Siku mbili hakuja, na mimi sikula vizuri siku hizo mbili.

Siku ya kumi na saba nilikuwa natafuta barua niliyoichapa jana yake. Nilipanga faili kwa tarehe, nikaikuta chini ya mwaka elfu mbili. Nikafungua saa ya kompyuta. Dakika zilikuwa sawa, siku ilikuwa sawa, lakini mwaka ulikuwa mbele. Yule fundi aliusogeza ili aone kama mashine zitauvuka mwaka mpya salama, maana wakati ule ilihofiwa kwamba kompyuta zitakwama elfu mbili ikiingia, kisha akasahau kuurudisha. Sikuwahi kugundua kwa sababu tarehe za barua nilizichapa kwa mkono wangu. Kumbe kuki za tovuti ile zilipewa muda wa siku moja tu. Zilipofika kwetu, mashine iliziona zimekwisha tangu mwaka jana, ikazitupa.

Nilirudisha mwaka. Baada ya adhuhuri nilituma mtu amwite daktari. Sanduku likafunguka mara moja. Ndani yake mlikuwa na barua saba, zote kwa Kisomali.

Nilimpisha kwenye kiti. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari kwenye kioo, akinieleza vipande. Upasuaji ulikuwa umeahirishwa. Umeahirishwa tena. Kisha mtoto amepasuliwa, ameamka, anataka maziwa ya ngamia na huko hayapo. Hapo alijifuta uso kwa mkono. Barua ya saba ilikuwa fupi.

"Anasemaje?" nilimuuliza.

"Anauliza kama nimekufa, au nimeoa."

Alijibu kwa kidole kimoja. Laini ikakatika kabla ya kutuma, akaandika upya yote.

Mama na mtoto walirudi mwaka uliofuata. Mama alikuja na binti yake ofisini kunisalimia, akaketi, akaniuliza kwa upole kwa nini barua zake zilikaa muda mrefu hivyo bila jibu. Nilianza kumweleza habari za saa, mwaka na kuki. Nikaona macho yake yamehamia dirishani, nikaacha.

"Mashine ilikuwa mbovu, mama," nilisema.

"Hata mume wangu aliniambia hivyo," alisema, akashika mkono wa binti yake, wakatoka.