Matawi ya Darasa la Kwanza

Mpaka leo sielewi niliwezaje kuushika unga ule kwa mikono yangu nisiulize ni nini.

Nilipopangiwa darasa la kwanza katika kijiji cha Tingi, huku pwani ya kusini, nilimkuta binti mmoja mwenye pumu, anayekuja shule siku mbili kwa wiki. Alikuwa akilelewa na bibi yake, ambaye aliniambia waziwazi: "Mwalimu, darasa lako likimchosha mjukuu wangu, simleti tena."

Darasa lilikuwa saruji tupu. Tukaotesha miche ya maembe kwenye chupa zilizokatwa, tukamwaga mchanga pembeni wa kuandikia kwa vidole. Binti akaanza kuja kila siku. Nikanogewa. Mwezi wa saba nikawaambia watoto, "Kesho kila mmoja alete tawi bichi la kwao."

Walileta, karibu yote ya mikorosho. Majani yalikuwa na unga wa njano. Nikadhani ni vumbi, nikayakung'uta mlemle ndani, kisha tukayafunga madirishani.

Macho yalianza kuwasha. Darasa zima likakohoa. Kisha yule binti akashika dawati kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, sauti haitoki. Midomo ikamgeuka rangi. Nilisimama na tawi mkononi, nikashindwa hata kulitupa.

Mwalimu wa darasa la pili, mzaliwa wa hapa, aliingia mbio. "Salfa hiyo! Watoe nje!" Yeye ndiye aliyembeba binti hadi kwenye bodaboda. Zahanati wakampa dawa ya kuvuta, akapumua.

Niliporudi niliwauliza watoto kwa nini hawakuniambia kuwa ni dawa ya mikorosho.

"Tulijua unajua," akajibu mmoja. "Kwani kwenu mikorosho haipulizwi?"

Wenzake wakacheka huku wakifuta macho. Kwetu Singida korosho niliziona kwenye pakiti tu.

Tuliosha kuta, madawati, hata miche. Wiki ya pili bibi akatokea mlangoni na mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakunitazama. Alipitisha kidole kwenye dirisha la kwanza, akakinusa. La pili. La tatu.

"Aketi hapa karibu na mlango," akasema. "Mimi nipo nje."

Akatandika kanga barazani, akakaa mpaka kengele ya mwisho. Kesho yake alikuja tena, safari hii na ukili wake wa kusuka mkeka.