Nilimpa Ng'ombe wa Ukutani

Kosa ni langu, ndugu wasomaji. Msinitafutie shetani wa kumsingizia, wala pombe, ingawa pombe ilikuwepo. Nilimwaibisha mtu mzima mbele ya watu aliotaka wawe wakwe wa mtoto wake, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Leo nikienda kusali nakaa nyuma ya nguzo ili nisiuone ule ukuta.

Mimi ni mtu wa msituni, kwetu Itebero. Nilipanda huku milimani Masisi kwa ajili ya kuoa, nikabaki. Wakati huo Wabeleji walikuwa wanaleta familia kutoka Rwanda na kuziweka juu ya vilima, na wenyeji wananung'unika kwa sababu ya mashamba. Katekista wetu akaona dawa ni moja tu: wenyeji na wageni wapambe ukuta wa kapela pamoja, kabla ya Noeli. Alisema mtu mwenye matope mikononi hashiki fimbo.

Basi tukapaka. Akina mama wa wageni walichanganya mavi ya ng'ombe na majivu, wakachora mistari yao ya pembe pembe. Wenyeji wakaweka migomba. Kapela ilinuka zizi mpaka tukazoea! Mimi nikapewa kumchora ng'ombe wa kwenye hori la Mtoto Yesu, maana nilikuwa nimejisifu kwamba najua kuchora. Jamani, ng'ombe nilimwona mara ya kwanza nikiwa na ndevu! Nikamwekea kiwele kifuani, katikati ya miguu ya mbele.

Mgeni mmoja, Papa Rutebuka, alisimama nyuma yangu akatazama. Ng'ombe wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa mwaka ule familia yake ilipofika.

"Kaka," akaniambia polepole, "ndama yake itanyonyaka wapi?"

Hakucheka. Alichukua mkaa, akahamisha kiwele, akanyoosha pembe, akanionyesha mgongo unavyoshuka. Tukawa marafiki tangu siku hiyo.

Noeli ikafika, kila mtu akamsifu ng'ombe, na mimi kichwa kikavimba. Tulikuwa tumeshakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema: "Papa Rutebuka, miye nakupatia ngombe."

Upande wa wenyeji wakacheka, maana walijua sina hata mkia wa mbuzi. Kwa wageni ng'ombe hachezewi. Akishatajwa mbele ya watu ametolewa, na aliyepewa ataapa kwa jina la mtoaji mpaka kaburini. Rutebuka akasimama, akapiga makofi ya shukrani, mke wake akafuta machozi. Nami nikakaa chini, nikaomba kikombe kingine.

Ikaanza. Rutebuka akijikwaa kidole, anaapa kwa jina langu, kwamba fulani amenipa ng'ombe! Mvua ikimnyeshea, jina langu. Wanawe wakaja kulima maharage yangu bila kuitwa. Mke wangu alinisihi kila siku niende kusema ukweli, na kila siku nilimjibu kesho. Niseme wazi: maishani hakuna mtu aliyewahi kutaja jina langu kwa utamu ule. Nililipenda. Nilikula sifa za ng'ombe asiyekuwepo, nikashiba.

Kisha mtoto wake mkubwa akapata mchumba upande wa Kitshanga. Kwao msichana walitaka ng'ombe mmoja tu, na Rutebuka akawaambia yupo. Asubuhi moja wakatokea nyumbani kwangu: Rutebuka na kamba mpya, mke wake na chungu cha maziwa, na baba wa msichana amevaa koti. Walikuja kumchukua ng'ombe.

Hapo ndipo ningepaswa kusema, nisamehe, sina. Ni maneno mafupi hayo! Lakini aibu ilinishinda, nikatafuta pa kuponea. Nikawaongoza hadi kapelani, nikanyoosha kidole ukutani.

"Ngombe yako njo ile."

Nilingoja wacheke ili iwe mzaha. Hakuna aliyecheka. Baba wa msichana akasogea, akamtazama ng'ombe kutoka kichwani hadi mkiani, akauliza kwa heshima kama ameshazaa. Nami, Mungu wangu, nikajibu!

"Bado. Lakini iko na mimba."

Rutebuka akakunja kamba yake taratibu. Akanipigia makofi ya shukrani, yote, kama desturi inavyomtaka aliyepewa ng'ombe. Wakaondoka.

Jumapili iliyofuata nikakuta ndama ukutani. Amechorwa vizuri kupita mama yake, mdomo wake uko sawasawa kwenye kiwele. Rutebuka alikuwa ananingoja mlangoni.

"Kaka, mutu akipewa ngombe, anarudishiaka ndama kwa ule alimupatia. Ndama yako njo ile. Tumemalizana."

Yule msichana aliolewa kwingine. Kijana akateremka Walikale kutafuta kazi ya kuchimba madini, hajarudi. Na Rutebuka sasa akijikwaa, anajikwaa kimya.

Nilivumilia nikashindwa. Nikauza shamba langu la migomba, nikanunua mtamba wa kweli, mwenye kwato na mavi, nikampeleka hadi kwake. Rutebuka akampapasa paji la uso kwa muda mrefu, akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wako, Papa.

"Yangu ulishanipatia," akasema, akatufungulia njia, mimi na mtamba, tutoke.

Mtamba ninaye mpaka leo, ameshazaa. Wenzangu, ukimwona mgeni amefika kwenu mikono mitupu, usimpe kitu kwa mdomo ili watu wakuone mkubwa. Yeye atakushukuru kweli, na shukrani hiyo itakukaba. Mimi kila asubuhi nachuchumaa na kukamua, na mkono unakwenda wenyewe mahali kiwele kilipo, maana kuna mtu alinionyesha.