Maji ya Falaji Uwanjani

Niliwahi kuuzamisha uwanja wa mpira kwa maji, nikidhani ninamwokoa kaka yangu. Nilikumbuka juzi, mjukuu wangu aliponionesha kwenye simu jinsi miji ya Marekani inavyogombea kupewa timu mpya za besiboli.

Kwetu Birkat al-Mauz, huku Omani, ulikuwa mpira wa miguu. Ligi ilitaka kuongeza timu, na alasiri ile mabwana kutoka Maskati walikuwa wanakuja kuukagua uwanja wetu. Kaka Nasoro alikaa barazani akipaka viatu vyake vya mpira mafuta ya nazi, huku akipiga mbinja. Mimi nilikuwa nikienda na kurudi uani. Nilidhani timu ikichaguliwa, wachezaji wake huchukuliwa wakaishi Maskati. Kumbe ligi ndiyo ingekuja kwetu!

"Una nini wewe?" Mama akaniuliza. "Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Nikapenya migombani, nikalisukuma jiwe na kuyang'oa matambara yaliyoziba mfereji wa falaji, ule unaoleta maji ya kumwagilia mashamba. Maji yakateremka uwanjani yakiguna, na harufu ya vumbi lililolowa ikanijaa puani. Mabwana wakashuka garini, wakapandisha kanzu, wakalitazama lile tope.

"Khalas, basi tena," akasema mmoja wao, wakaondoka.

Mwaka haukuisha, Nasoro akahamia Maskati kutafuta timu ya kuchezea. Tangu hapo tunamwona siku za Idi tu. Mimi, ambaye hata Nizwa hapo jirani naona mbali, bado nipo hapa hapa.

Juzi nikamuungamia jirani yetu mkongwe, Bi Zuwena, nikitarajia atacheka. Hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "basi wewe ndiye uliyempeleka Maskati."